Mtoto Hakubemendwa, Ana Utapiamlo

Katika mitaa yetu mingi mtoto wa mwaka mmoja na nusu akianza kukonda, nywele zikapauka na kutembea kukachelewa, neno la kwanza kusemwa ni kwamba amebemendwa. Wasemao hivyo hudai kuwa wazazi wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama huona haya, baba huja juu, na mtoto hufichwa ndani akiogeshwa dawa za miti. Siku zinakwenda, naye anazidi kudhoofu.

Ugonjwa huo una jina lake, nao ni utapiamlo. Chanzo chake ni chakula kidogo au kisicho na virutubisho, pamoja na maradhi ya mara kwa mara kama kuhara na malaria. Mbegu za mwanamume haziingii katika maziwa ya mama wala haziyaharibu. Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikusudia kukataza mume kumwendea mke anyonyeshaye, kisha akazingatia kuwa Warumi na Waajemi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki.

Hata hivyo, mimba ya haraka inaweza kumletea mtoto matatizo. Jina la kwashakoo lilitoka Ghana, katika lugha ya Kiga, likihusu maradhi ya mtoto anayepokonywa nafasi na mdogo wake. Dk. Cicely Williams aliyaeleza kwa madaktari wenzake katika miaka ya 1930. Mama akipata mimba mapema, mara nyingi mtoto huachishwa ziwa ghafla na kubakia na uji mtupu. Qur'an, Suratul Baqara aya ya 233, imeelekeza miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Nalo Shirika la Afya Duniani linashauri ipite miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wa Iringa ulikuwa na asilimia 57, Njombe na Rukwa takriban 50 kila mmoja. Hii ni mikoa inayovuna mahindi kwa wingi. Kumbe shibe ya ugali peke yake haijengi mwili. Mtoto anahitaji pia maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za majani, matunda na mafuta kidogo.

Kwa kaya isiyo na kipato, hasa miezi ya kabla ya mavuno, orodha hiyo inaweza kuonekana ya matajiri. Lakini kunde, matembele na kisamvu hupatikana pembeni mwa nyumba, na kijiko cha dagaa waliotwangwa hubadilisha uji wa siku nzima. Tatizo jingine ni mgawo. Kitoweo huwekwa sahani ya baba, watoto wakachovya mchuzi. Mtoto apewe sahani yake mwenyewe.

Akifika miezi sita aanze kula huku akiendelea kunyonya. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4. Uji uwe mzito wa kukaa kijikoni, usiwe wa kunyweka kama chai. Karanga na mahindi yenye ukungu yasisagwe unga wa mtoto, kwani yanaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kupika na kulisha, na baada ya kutoka chooni.

Kupima na kutibu

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hutumia utepe wa rangi kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Mama naye anaweza kufundishwa kupima. Kisha bonyeza nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Zikibaki na shimo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mashavu yamejaa. Uvimbe huo si unene.

Mwenye hamu ya kula na asiye na maradhi mengine hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, mchanganyiko wa karanga, maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini. Asigawiwe na ndugu zake, kwani hicho ni dawa yake. Anayekataa kula, anayetapika kila kitu, mwenye homa kali au aliyelegea, hulazwa.

Katika miaka ya 1980 vijiji vya Iringa vilipima uzito wa watoto kila baada ya miezi mitatu, na kamati za vijiji zikajadili majibu na la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua. Nasi tuna darsa za kina mama, madrasa na kamati za misikiti. Muiteni mhudumu wa afya wa mtaa siku ya darsa, watoto wote wapimwe. Ikionekana familia haina kitu, kamati iitazame kwa sadaka ya chakula kimyakimya, bila kuitangaza.

Na pale utakaposikia mtoto wa jirani "amebemendwa", usiongeze neno. Mshike mama mkono, mwende naye zahanati.