Mgeni Akija Getembe Tumwonyeshe Nini?

Kwa wale ambao hawakuwapo, ngoja nianzie mwanzo. Muhula wa pili Chama chetu cha Kiswahili kilimpata mgeni, dada aliyesoma papa hapa kisha akaenda kusomea Ujerumani, katika mji uitwao Leipzig. Alizungumza saa nzima bila kutazama karatasi. Alitueleza habari za Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambamo mtunzi Johann Sebastian Bach aliongoza muziki tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Alisema kwaya ya wavulana wa kanisa hilo ilianzishwa 1212 na mpaka leo inaimba. Hebu piga hesabu, ni zaidi ya miaka 800! Mgeni akifika kule, asubuhi hutazama majengo ya kale, jioni husikiliza muziki, na kesho yake hukodisha baiskeli akatembea misituni na kando ya mito nje ya mji.

Tulimpigia makofi. Halafu kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyeketi nyuma kabisa, akauliza, "Dada, na hao Wajerumani wakija huku kwetu, tutawaonyesha nini?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, sitaki kusema uongo. Dada yule hakucheka. Alisema swali hilo hawezi kulijibu yeye, ni letu. Basi mwalimu mlezi wa chama akanitwika mimi kazi ya kuandika, labda kwa kuwa kicheko changu ndicho kilichosikika zaidi. Nikaitumia likizo ya Agosti kuzunguka Kisii na Nyamira kwa matatu na kwa miguu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza mgeni wa Kijerumani nitamwambia kwamba yeye si wa kwanza. Wenzake walishafika! Mji wetu ulianzishwa na Waingereza 1907 kama kituo cha serikali. Wazee huuita Getembe, na wengine huuita Bosongo, yaani kwa wazungu. Bwana wa kwanza wa kituo hicho alikuwa Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti kwa kuwa jina lake lilikuwa gumu kutamka. Januari 1908 alichomwa mkuki na Otenyo, kijana aliyechochewa na Moraa, yule nabii mwanamke. Northcote hakufa. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo ndiye aliyelipa kwa roho yake.

Sasa vita vikuu vilipozuka Ulaya mwaka 1914, huku kwetu tulipakana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Tarehe 11 Septemba jeshi lao lilivuka mpaka likauingia mji wa Kisii bila kupingwa, maana maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Usiku huo mmoja Kisii ikawa mji wa Kijerumani. Kesho yake askari wa KAR walifika wakapanda vilima vinavyouzunguka mji, na risasi zikalia mchana kutwa. Kiongozi wa kikosi cha Waingereza aliuawa. Giza lilipoingia, kila upande ulirudi nyuma, na Wajerumani wakarejea walikotoka.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio ni lililofuata. Mji ulibaki hauna mwenyewe. Wenyeji wakadhani utawala wa mzungu umekwisha, wakaingia katika maduka na ofisi, na hata misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu, iliyoanzishwa 1911, ikaporwa. Waingereza waliporudi waliwatoza watu ng'ombe wengi sana kama adhabu. Vita vya watu wa mbali, ng'ombe wa kwetu! Nilisimama kando ya barabara kuu, boda boda zikinipigia honi nipishe, nikatazama vilima nikijaribu kukisia bunduki zilikuwa wapi. Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Kwa upande wa majengo, sitamdanganya mgeni. Mjini hakuna kanisa la miaka 800. Kuna maduka ya zamani yenye vibaraza, yaliyosalia kidogo kidogo katikati ya maghorofa mapya, na ukichelewa miaka kumi huenda usiyakute. Ufundi wetu wa jiwe hauko katika kuta, uko Tabaka. Panda matatu, shuka sokoni, kisha fuata mlio wa mapanga. Huko ndiko jiwe la sabuni huchimbwa kwa mikono. Liko jeupe, la waridi na la kijivu. Fundi hulikata umbo kwa panga jiwe likiwa bado bichi, akalichonga kwa kisu, kisha akina mama hulisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka linakuwa laini kama shavu la mtoto. Mwishowe hulipaka nta likang'aa. Nilimwona mama mmoja mwenye vidole vilivyochubuka akisugua viboko wadogo, amewapanga karai nzima. Kazi ya jiwe hili iliyochongwa na Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko huko Tabaka, imewekwa makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mimi nilikuwa nadhani jiwe la sabuni ni la kutengenezea visahani vya kuuzia watalii tu.

Kutoka Tabaka nilirudi mjini nikalala kwa shangazi, na alfajiri na mapema nikaelekea Manga, upande wa Nyamira. Wewe msomaji usiende Manga alasiri, hasa miezi ya mvua. Mvua yetu hupenda kunyesha baada ya chakula cha mchana, na udongo ule mwekundu ukilowa ni kama kukanyaga mlenda. Asubuhi ndiyo saa yake. Unapita mashamba ya chai na migomba, halafu ghafla nchi inakatika mbele yako. Ni jabali refu ajabu. Chini unaona mabati ya nyumba yaking'aa kama sarafu, na siku isiyo na ukungu unaliona ziwa la Victoria kule upande wa Kisumu. Nilikaa pale mpaka ukungu ukapanda. Niliona utepe mwembamba wa kijivu. Huenda lilikuwa ziwa, huenda lilikuwa wingu, mimi nimeamua lilikuwa ziwa.

Karibu na jabali hilo anaishi mzee mmoja apigaye obokano. Mjomba ndiye aliyenipeleka. Uani kwake pana nyumba ya mviringo ya kizamani, kuta za fito na udongo, paa la nyasi limechongoka. Nyumba kama hiyo iligawanywa ndani: upande wa mama wenye meko, na upande uitwao eero, ambako mwenye mji aliketi na wageni wake. Mzee alituketisha eero, akaitoa obokano.

Wengi wetu tumezaliwa Gusii na hatujaigusa, kwa hiyo nieleze. Obokano ni kinubi kikubwa chenye nyuzi nane, ndugu mkubwa wa nyatiti ya Wajaluo. Mzinga wake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Hutoka humo mikono miwili ya mti, na juu mti wa tatu huiunganisha. Nyuzi hufungwa kwenye mti huo wa juu, na mpigaji huzikaza kwa kuzisokota. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi ni za nailoni. Kwa ukubwa wake haibebwi begani kama gitaa. Mpigaji huketi kwenye kigoda, akaikumbatia, vidole vya mikono yote miwili vikifanya kazi. Sauti yake ni nzito na ina mvumo, kama nyuki waliofungiwa kwenye mtungi. Husikii kwa masikio tu. Unahisi kigoda ulichokalia kinatetemeka.

Mzee alipiga wimbo mmoja mrefu wa kuwataja watu, mmoja baada ya mwingine, wengi wao marehemu. Alipomaliza akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ni wa nani?"

Nikamtaja sokoro wangu, baba yake baba. Mzee akainua kichwa. "Yule? Sisi tulipiga pamoja harusini! Obokano yake iko wapi?"

Wasomaji wenzangu, hapo ndipo nilipoishiwa na Kiswahili, na Ekegusii pia. Sokoro alifariki nikiwa darasa la sita. Obokano yake iliwekwa darini mwa jikoni, panya wakaila ngozi. Mwaka mmoja wa mvua nyingi kuni ziliisha, na mimi na kaka yangu tukaivunja ile mikono miwili tukaitia motoni. Ilikuwa mikavu, ikawaka vizuri. Chai ikachemka upesi, tukasifiwa.

"Iko nyumbani," nikajibu.

"Vema. Ilete basi. Nitaiwamba ngozi mpya, na nikufundishe uzi wa kwanza. Wa kwangu wako Nairobi, hawana nafasi."

Mjomba alinitazama kwa jicho la kando lakini hakusema neno. Njia nzima ya kurudi nilikuwa kimya. Nilikuwa nafikiria ile kwaya ya 1212, na kijana mmoja wa pale Leipzig ambaye lazima, katika miaka yote hiyo, aliwahi kusikia baridi na kuona mbao kavu karibu.

Nilipofika nyumbani niliingia jikoni moja kwa moja. Mikono haipo, hilo nilijua. Ule mti wa juu pia haupo. Lakini mzinga upo! Mama aliushusha zamani akautia majani makavu, na kuku wake mwekundu ndimo anamoatamia. Nilipotaka kumwondoa alinidonoa mkono, na Mama akapaza sauti kutoka nje, "Wewe, mwache kuku wangu! Ana mayai tisa."

Nimemweleza Mama habari yote, hata ile ya kuni. Amesema nisubiri vifaranga watoke, kisha mzinga nitapewa. Mjomba naye ameahidi kunitafutia mti wa kuchonga mikono mingine.