Kivuli cha Sanje, Mguu wa Mpepai

Kitaa cha Mpepai ukisema unaenda kupanda mlima kula bata, watu wanakucheki kama umeruka akili. Huku Mbinga mlima haupandwi kwa mzuka. Mlima ni njia ya shamba. Unaupanda na jembe, unashuka na debe la kahawa. Sasa mimi nikamwambia bibi nasepa na wana mpaka Sanje, Udzungwa, kucheki maporomoko. Akaweka ungo chini. "Mjukuu wangu, nauli yote hiyo, kwenda kutazama maji yanaanguka?"

Sikuwa na jibu. Nikasepa hivyo hivyo.

Ilikuwa Oktoba, jua la kuchoma utosi. Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi, halafu tukachepuka barabara ya Ifakara, makalio yameshakufa ganzi kitambo. Pale Sanje tukaungana na masela wa Dar, wakanitanguliza: "Wewe si mtu wa milima, tuongoze!" Mwanangu, nikavimba kichwa. Dakika 20 tu, natweta kuliko wote. Kilichonimaliza si mwinuko, ni fukuto. Kwetu kiangazi unapanda, upepo mkavu unakufuta. Hapa jasho linakaa mgongoni kama limelipia chumba.

Lakini kile kivuli, aisee, noma. Msitu wa kwetu ni miombo, na miombo ni mshkaji wa kuzingua: kiangazi kikikolea anapukutisha majani, anakuachia jua lako siku ile ile unayomhitaji. Mvua zikikaribia anachipua majani mekundu, makali kinoma kwenye picha, ila kivuli hamna kitu. Udzungwa haina hizo mambo. Mteremko wake wa mashariki unadaka unyevu wa Bahari ya Hindi, ndiyo maana msitu uko kijani mwaka mzima. Saa sita mchana, chini ya miti giza la magharibi.

Juu mbega wekundu wanaruka matawi, wala hawana habari na sisi. Mwongozaji akatupa stori ya mangabei wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1979. Eti "aligunduliwa". Wazee wa hapa walikuwa wanapishana naye porini miaka yote hiyo!

Maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Kisha ubaridi unakugusa usoni, halafu ndiyo hayo: maji yanashuka mita 170, ngazi kwa ngazi. Wana wakatoa simu. Mimi nikavua raba nikazama kwenye dimbwi, nikatoka meno yanagongana, Mbinga ya mwezi wa saba kabisa. Chini kule Bonde la Kilombero limetandikwa miwa mpaka macho yanachoka.

Tukishuka nikamuuliza mwongozaji, kaka, mbona matawi makavu yamezagaa na hakuna anayeokota? Akasema hifadhi ilitangazwa 1992, na kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku zao kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ikapigwa stop. Akanyamaza. Tukaendelea kushuka.

Nyumbani nikamwonyesha bibi video. Maji hata hakuyazungumzia. Akasogeza simu karibu na macho, kidole kikagusa kioo, picha ikasimama penye gogo lililolala kando ya njia.

"Hili nalo," akauliza, "linaoza tu hapo?"