Ulinzi wa Miundombinu ya Maji: Kwa Nini Uzio na Kufuli Vinatuhusu Sote

Wazee wa Upare walijua kulinda maji kabla ya bomba la kwanza kufika wilayani. Ndiva, yaani bwawa dogo la asili, ilijazwa usiku kwa maji ya vijito vya mlimani na kufunguliwa asubuhi kwa zamu zilizokubaliwa. Mifereji ilizibuliwa na tope kuondolewa kwa msaragambo. Aliyefungua maji nje ya zamu alihesabiwa kuwa amemnyima jirani chakula.

Leo maji hutoka mbali zaidi. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025, huchota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani. Maji husafishwa katika mtambo, husukumwa kwa pampu za umeme hadi kwenye matenki ya milimani, kisha huteremka kwa wananchi. Vijiji vingi vya milimani navyo hutegemea miradi ya mserereko. Umbali umeongezeka, lakini kanuni ni ile ile: penye maji ya wengi, hapafunguliwi na yeyote apendaye.

Madhara ya bomba lililotobolewa

Wapo wanaodhani kwamba anayetoboa bomba ili anyweshe mifugo huiba maji tu. Madhara ni makubwa zaidi. Mgandamizo ukishuka, bomba huweza kufyonza maji machafu yaliyolizunguka, na uchafu huo ukawafikia watu wasiojua lililotendeka. Anayeiba nyaya au mafuta ya transfoma huzima pampu, na matenki yakikauka, zahanati na shule hukosa maji. Hata dawa ya klorini inayotibu maji huhitaji ghala kavu, lenye hewa na kufuli, kwa kuwa ni hatari ikishikwa na asiyeijua.

Sheria zinasemaje

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inakataza kuharibu miundombinu ya maji na kujiunganishia maji bila idhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa. Aidha, Sheria ya Maeneo Yaliyohifadhiwa ya mwaka 1969 inaiwezesha Serikali kutangaza eneo nyeti kuwa lisiloingiwa bila ruhusa. Kwa hiyo, mlinzi anayekuzuia katika eneo la namna hiyo hakudharau, anatimiza sheria.

Wajibu haumhusu mwananchi pekee. Mamlaka za maji husimamiwa na EWURA, na miradi ya vijijini husimamiwa na RUWASA kupitia vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Usimamizi mwema huonekana katika mambo madogo: uzio usio na pengo, mfuniko wa tenki uliofungwa, daftari la wageni, funguo zenye mtunzaji anayejulikana, na kumbukumbu za upimaji wa ubora wa maji. Mwananchi ana haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji kama mambo hayo yanatekelezwa.

Tufanye nini

Tusilime, tusijenge wala tusichunge mifugo juu ya njia ya bomba au karibu na chanzo. Wafugaji watumie mabirika yaliyotengwa. Pasipo na birika, ombi lifikishwe kwenye serikali ya kijiji. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu wawe na kibali, na wasipokee dira za maji, koki wala vipande vya bomba visivyo na maelezo ya vilikotoka. Anayeona uvujaji, uzio uliokatwa au mtu asiyejulikana penye mitambo amjulishe mtendaji wa kijiji au wa kata, au mamlaka ya maji. Uhalifu unaoendelea uarifiwe Polisi kwa namba 112.

Mlinzi mmoja hawezi kuutazama usiku kucha urefu wote wa bomba. Wanaopita kando yake kila siku, shambani na malishoni, ndio wanaoweza kuona hitilafu mapema, kabla tenki halijakauka.