Chora Mistari, Mwandiko Unyooke

Na Bwana Shamba



Umekwisha kujua kusoma. Hongera. Sasa tazama mwandiko wako. Je, mtu mwingine anaweza kuusoma bila kukuuliza?

Hapa Nachingwea na Ruangwa swali hili si dogo. Korosho, ufuta na mbaazi zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Sheria yake ilitungwa mwaka 2005. Unapeleka mazao kwenye chama cha msingi. Yanapimwa. Jina lako, kilo zako na namba ya akaunti yako ya benki vinaandikwa. Fedha hufuata maandishi hayo.

Mara nyingi karani ndiye anayeandika. Lakini daftari la nyumbani ni lako. Ukiandika 7 ikaonekana kama 1, kilo 70 zitasomwa kilo 10. Siku kilo zikibishaniwa, daftari lisilosomeka halitakusaidia.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika. Kisomo kile kiliitwa kisomo chenye manufaa. Maana yake, mtu asome na kuandika yale yanayomsaidia katika kazi yake. Mwandiko unaosomeka ni sehemu ya manufaa hayo.

KAMBA YA HERUFI

Mkulima akipanda mikorosho huvuta kamba. Hupima mita 12 kwa mita 12. Asipopima, matawi yatabanana. Herufi nazo zinataka kamba. Kamba yake ni mistari minne:

1. Mstari wa juu. Herufi ndefu kama h, k na b hufika hapa. Herufi kubwa na tarakimu pia.
2. Mstari wa kati. Herufi fupi kama a, e na n huishia hapa.
3. Mstari wa msingi. Herufi zote husimama juu yake.
4. Mstari wa chini. Mikia ya g, j, p na y hufika hapa.

Andika neno Nachingwea. N na h zinapanda juu. Mkia wa g unashuka chini. Herufi nyingine zinakaa katikati. Neno hili moja linatumia mistari yote minne.

JINSI YA KUTENGENEZA

Tafuta karatasi nyeupe ya A4, rula, penseli na kalamu nyeusi. Kisha fanya hivi:

1. Simamisha karatasi. Kwenye ukingo wa kushoto, pima sentimita 2 kutoka juu. Weka alama ya penseli.
2. Shuka sentimita 1, weka alama. Fanya hivyo mpaka upate alama nne.
3. Ruka sentimita 2. Weka tena alama nne. Endelea mpaka upate mafungu matano.
4. Fanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa kulia.
5. Unganisha alama za kushoto na kulia kwa rula na kalamu nyeusi. Usitumie penseli, kwa maana nakala zitafifia.
6. Katika kila fungu, nenepesha mstari wa tatu. Huo ndio msingi.

Sasa una karatasi mama. Ipeleke penye mashine ya kutoa nakala. Mwambie mwenye mashine asipunguze wala asiongeze ukubwa. Nakala ikitoka, ipime kwa rula. Sentimita 1 ibaki sentimita 1.

Huna fedha ya nakala? Weka karatasi mama chini ya karatasi nyembamba isiyo na mistari. Mistari itaonekana kwa juu. Andika. Ukimaliza, weka karatasi nyingine. Karatasi mama moja itakutumikia muda mrefu, usipoilowesha.

JINSI YA KUJIFUNZA

Kila jioni andika mafungu matano. La kwanza, jina lako kamili. La pili, kijiji chako. La tatu, tarakimu 0 mpaka 9. La nne, namba ya akaunti yako. La tano, kilo ulizouza, kwa tarakimu na kwa maneno. Ukiandika "70" andika na "sabini". Tarakimu ikikosewa, neno litaisahihisha.

Usiharakishe. 0 ifungwe kabisa. 6 iwe na shingo. 7 iwe na kichwa kilichonyooka, 1 isiwe nacho.

Mkono ukizoea, tengeneza karatasi ya pili. Gawa vipimo vyote kwa mbili, isipokuwa sentimita 2 za juu. Utapata mafungu kumi. Mwisho, andika kwenye daftari la kawaida, lenye mstari wa msingi tu.

Mpe na jirani nakala. Msimu ukifungua, kila mmoja aandike kilo zake mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni herufi zipi katika jina lako zinazopita mstari wa kati?
2. Kwa nini tuandike kilo kwa tarakimu na kwa maneno?
3. Nani katika kikundi chenu atatengeneza karatasi mama?