Bungua na Mbegu ya Makutupora

Paukwa! Pakawa! Sogeeni wajukuu zangu. Leo Sungura apumzike, tuzungumze mahindi.

Hapa Msamala, Songea, ukipasua bua la mhindi ulionyong'onyea, mara nyingi utamkuta bungua: kiwavi mwenye kichwa cha kahawia, ametoboa njia katikati ya bua na nyuma yake ameacha vumbi kama la msumeno.

Sasa, udongoni kuna bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Hutengeneza protini inayotoboa utumbo wa viwavi. Wataalamu wakachukua kinasaba cha protini hiyo, wakakipandikiza kwenye mahindi. Bungua akitafuna, hafiki mbali, na mkulima anapunguza kupiga dawa. Marekani walianza kupanda mahindi hayo mwaka 1996.

"Bibi, na sisi tukila je?"

Utumbo wetu hauna mahali pa protini ile kujishika. Tunaimeng'enya kama protini nyingine. Vinasaba tunavila kila siku, kwenye mchicha na kwenye dagaa, na hakuna aliyeota majani.

Hapa Tanzania, Oktoba 2016, mahindi yaliyobadilishwa vinasaba (GMO) ili yastahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 serikali ikasitisha majaribio na kuamuru mabaki yateketezwe. Kenya nayo ilipiga marufuku vyakula vya GMO mwaka 2012, ikaiondoa marufuku Oktoba 2022, na watu wakakimbilia mahakamani.

Msiwacheke wenye hofu. Wapo wanaoogopa kugeuka majoka, hao waelimisheni. Lakini wapo wanaouliza mambo mazito. Mbegu nyingi za namna hii zina hataza za kampuni, yaani haki za mvumbuzi, ilhali mkulima wetu amezoea kubakiza mbegu ghalani. Bungua naye si mjinga: huko Afrika Kusini baadhi yao wamekuwa sugu kwa protini ile. Ili kuchelewesha usugu huo, mkulima hutakiwa kuacha sehemu ya shamba apande mahindi ya kawaida.

Jambo jingine: mbegu chotara za dukani Songea siyo GMO. Hizo ni mahindi yaliyochavushwa kwa mahindi mengine, basi.

Kwa hiyo mtu akizisifu au akizilaani GMO mbele yenu, muulizeni kwa adabu: "Mzee, kimewekwa kinasaba gani, na msimu ujao mbegu tutaipata kwa nani?" Asiyejibu yote mawili, mwambieni akajifunze kwanza.