Upimaji wa Udongo na Ushauri wa Mbolea: Wajibu wa Kada Kijijini

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliihesabu ardhi kuwa moja ya mambo manne ya lazima kwa maendeleo yetu, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Mwezi Mei 1972 likatoka tamko la Siasa ni Kilimo huko Iringa, lililowataka viongozi wenyewe wajifunze kanuni za kilimo bora. Tangu hapo kada hana udhuru wa kusema kwamba mambo ya shamba ni ya bwana shamba peke yake. Lakini liko swali ambalo mara nyingi hatukujiuliza: tunapozungumza juu ya ardhi, tunazungumza juu ya ardhi ipi? Makala hii inakusudia kueleza kwa nini ushauri wa mbolea usiotanguliwa na kipimo cha udongo ni kosa la kitaalamu na pia ni kosa la uongozi.

Kosa la agizo moja

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, chini ya Mpango wa Taifa wa Mahindi, mbolea na mbegu bora zilipelekwa vijijini kwa bei ya ruzuku. Wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini walijifunza matumizi ya mbolea za chumvichumvi wakati huo, na mikoa yao ikawa ghala la taifa. Hayo ni mafanikio, na hatuna sababu ya kuyakana.

Hata hivyo, ushauri uliofuatana na mifuko ile ulikuwa wa jumla. Aina ileile na kiasi kilekile kwa ekari vilishauriwa mlimani na bondeni, kwenye udongo mwekundu na kwenye mfinyanzi mweusi. Chukua mfano wa mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. Mbolea hii huupa mmea naitrojeni na salfa, lakini pia huzidisha tindikali ya udongo. Ikitumiwa miaka mingi katika shamba lenye tindikali tayari, bila chokaa, madini ya chuma na alumini huishika fosfati na mizizi haiipati. Mahindi hudumaa. Mkulima anaongeza mfuko mwingine, na mwaka unaofuata hali ni ileile au mbaya zaidi. Deni linapanda, mavuno yanashuka.

Hapo baadhi yetu tulikuwa wepesi wa kusema kwamba mkulima ni mvivu au hafuati maagizo. Ukweli ni kwamba aliyafuata maagizo, na maagizo ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Udongo unasema nini

Katika karne ya 19 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza kanuni moja ambayo kila kada anaweza kuieleza mkutanoni. Mmea hukua kwa kadiri ya chakula kilichopungua kuliko vyote, si kwa kadiri ya kile kilicho kingi. Ni kama pipa lenye ubao mmoja mfupi: maji hayawezi kupanda juu ya ubao huo hata mbao nyingine zikirefushwa. Shamba lililopungukiwa fosfati haliwezi kuokolewa kwa naitrojeni tupu.

Kipimo cha tindikali husomwa kwa ngazi ya 0 hadi 14, na katikati ni 7. Mahindi hustawi vizuri kati ya 5.5 na 7. Kipimo kikiwa chini ya hapo, chokaa huenda ikahitajika kabla ya kununua mfuko wowote. Tunao mfano wa nyumbani: fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Unga wa mawe hayo huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali na kuwa chakula cha mmea, lakini katika udongo usio na tindikali hulala tu. Mbolea moja, nchi moja, na matokeo mawili yanayopingana. Asiyepima hawezi kujua yupo upande upi.

Hesabu ya mfuko

Mkulima hununua mfuko, lakini mmea hauli mfuko. Katika kilo 50 za yurea mna kilo 23 za naitrojeni. Katika kilo 50 za SA mna kilo 10 na nusu tu. Kwa hiyo mfuko wenye bei ndogo waweza kuwa ndio ghali. Tena, kwa naitrojeni ileile, SA hudai chokaa karibu mara tatu ya ile inayodaiwa na yurea. Hata hivyo, penye upungufu wa salfa na pasipo tindikali kali, SA huwa na faida yake. Hesabu hii ifundishwe katika kila darasa la wakulima, maana asiyeijua hana kinga mbele ya mwuzaji.

Namna ya kuchukua sampuli

Kazi hii haihitaji shahada. Shamba ligawanywe kufuata rangi ya udongo, mteremko na mazao yaliyotangulia. Katika kila sehemu tembea kwa mstari wa kupindapinda, chimba mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Epuka kichuguu, njia, mahame, chini ya miti na palipowahi kulundikwa samadi. Changanya udongo katika ndoo safi; usitumie kamwe mfuko uliokuwa na mbolea. Punguza mpaka ibaki nusu kilo, anika kivulini, andika jina la mkulima, shamba na tarehe. Kazi hii ifanywe miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, ili majibu yawahi msimu.

Kipimo nacho hakimalizi kila kitu. Naitrojeni hubadilika upesi kwa mvua, hivyo ushauri sharti uzingatie pia historia ya shamba, samadi iliyopo na uwezo wa mkulima. Hayo hayamo maabara. Yamo kichwani mwa mkulima mwenyewe.

Majibu ni mali ya mkulima

Tuliwahi kwenda na wanafunzi katika kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Tulipoomba kuchukua udongo, mzee mmoja alikataa kwa upole. Alieleza kwamba wataalamu walikwisha kuja, wakachimba, wakaondoka na udongo wake, na tangu siku ile hakuna aliyerudi kumwambia umeonekana una nini. Hatukuwa na jibu. Tulilala hapo, na asubuhi tukakubaliana naye kwamba majibu yatasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Ndipo akatuonyesha shamba.

Funzo ni wazi. Kuchukua udongo bila kurudisha majibu ni urasimu, hata ukifanywa kwa jina la sayansi. Ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikarudi kwa vocha mwaka 2008, na tena mwaka 2022 kwa wakulima walioandikishwa. Kila mara fedha ya umma imetumika. Fedha hiyo ikinunua mbolea isiyofaa kwa shamba husika, anayepoteza ni mkulima na taifa kwa pamoja.

Kwa hiyo kada anapofika kijijini asianze kwa kutangaza idadi ya mifuko. Aanze kwa kuuliza: udongo wa hapa ulipimwa lini, na majibu yako wapi? Kama hayapo, kazi yake ya kwanza ni jembe, ndoo safi na nusu kilo ya udongo. Na kazi ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kurudi na majibu.