Gurudumu Baridi Ndilo la Kuogopa

Jioni, Maungu. Trela limetoka upande wa Nairobi na kuegeshwa kando ya barabara kuu ya Mombasa, injini ingali inapumua. Dereva ameelekea hotelini kutafuta wali. Tanboi, msaidizi wake, amebaki nyuma, anazunguka trela polepole huku akisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Mgeni atadhani anakagua matairi. Kumbe anapima joto la breki, na anachokitafuta ni lile gurudumu ambalo halina joto.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Lori la ekseli sita linaruhusiwa kufika tani 50, na mwendo wa juu wa malori makubwa nchini Kenya ni kilomita 80 kwa saa. Kulisimamisha lori hilo mara moja tu kutoka mwendo huo kunazalisha joto la kutosha kuchemsha karibu lita 40 za maji, yaani mitungi miwili ya lita 20 iliyojaa hadi shingoni. Sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye dramu za breki. Gurudumu likifika Maungu likiwa baridi ilhali wenzake wanafukuta, maana yake halikushiriki kazi. Mzigo wake umebebwa na mengine, nayo yamechoka kabla ya wakati.

Lenye moto kupita kiasi nalo lina kesi ya kujibu: huenda springi ya kurudisha breki imekatika, au beringi imelegea, au breki imekazwa mno na lainingi inasugua dramu safari nzima. Lakini hilo hujitangaza kwa harufu na moshi. La baridi hunyamaza.

Na barabara hii inasaidia kuficha siri. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 150. Ni mteremko wa taratibu mno. Dereva anagusa breki kidogo hapa, kidogo pale, na trela lenye nusu ya breki linatii kama lenye breki kamili. Njia ya kupanda Wundanyi kutoka Mwatate haina ustaarabu huo: ukishuka milima ya Taita na breki mbovu, kona ya kwanza inakuambia. Huku chini ukweli hungoja usiku, pale tembo wa Tsavo anapoamua kuvuka lami mbele ya taa, au foleni inapojitokeza ghafla nyuma ya lori lililoharibika.

Ili kuelewa kasoro inakojificha, inafaa kurudi nyuma hadi 1869, mwaka ambao Mmarekani George Westinghouse alisajili hataza ya breki za upepo kwa ajili ya garimoshi. Mfumo wake wa kwanza ulikuwa na kasoro ya kutisha: bomba likipasuka, breki zinapotea. Miaka mitatu baadaye akaugeuza. Upepo uliojaa bombani ndio ukawa unazuia breki zisishike, na upepo ukipotea, breki zinajifunga zenyewe. Matrela yanayopita Voi leo yanatumia wazo hilohilo.

Mipira miwili inaunganisha kichwa na trela. Mwekundu unapeleka upepo wa akiba kwenye tangi la trela. Wa manjano unapeleka amri ya mguu wa dereva. Mwekundu ukipasuka, trela linajifunga na kukwama hapo hapo, hata kama ni katikati ya daraja. Ni kero, lakini ni kero salama. Wa manjano ukipasuka, hakuna dalili yoyote. Geji inaonyesha upepo umejaa, gari linaondoka vizuri, kila kitu ni shwari mpaka mguu ukanyage. Hapo upepo unatokea kwenye tundu badala ya kufika magurudumuni.

Kwa hiyo anayetafuta uvujaji na mguu wake hauko kwenye pedali anajidanganya. Wanahitajika watu wawili: mmoja akanyage na kushikilia injini ikiwa imezimwa, mwingine atembee na sikio. Mtihani wa madereva wa malori Marekani unataka lori lenye trela lisipoteze zaidi ya pauni 4 za upepo kwa dakika moja katika hali hiyo. Pakisikika mlio na mahali pasijulikane, povu la sabuni litapaonyesha. Mara nyingi kosa ni kile kipete cha mpira kwenye kiungio, kitu cha bei ndogo ambacho vumbi jekundu la Taita Taveta limekitafuna. Fundi asiye na subira hapo tayari amekwisha kufungua valvu.

Ikiwa hakuna uvujaji na gurudumu bado ni baridi, macho yahamie kwenye chemba ya breki, lile kopo la chuma lililofungwa kando ya ekseli. Ndani yake kuna utando wa mpira. Upepo unausukuma, nao unasukuma fimbo, na fimbo inavuta mkono ambao gereji huuita slaki ajasta. Urefu wa safari ya fimbo hiyo ndio habari yote. Kwa chemba ya saizi 30, iliyo ya kawaida kwenye matrela, fimbo ikitoka zaidi ya inchi 2 breki inapokanyagwa, marekebisho yamepita kikomo. Chaki inatosha: chora alama kwenye fimbo mahali inapotokea kwenye chemba, mwambie mwenzako akanyage, kisha pima alama imesogea kiasi gani. Kumbuka pia kwamba dramu ikipata moto inatanuka na kujitenga na lainingi, kwa hiyo fimbo iliyokuwa ukingoni asubuhi itakuwa imeishiwa nafasi mchana.

Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazuri hunaswa nao. Slaki za kisasa zinajirekebisha zenyewe. Ikionekana imelegea, fundi huikaza kwa spana, gari linashika vizuri, mteja anafurahi. Baada ya muda imelegea tena, kwa sababu kilichoharibika ni kile kifaa cha kujirekebisha, au pini na vichaka vilivyoliwa, na spana haikugusa hata kimoja. Marekani, shirika la kuchunguza ajali za usafiri, NTSB, lilipochunguza ajali ya lori la tipa ya 2003 huko Glen Rock, Pennsylvania, lilikuta mazoea hayohayo: slaki za kujirekebisha zilikuwa zikikazwa kwa mkono bila kutafutwa kwa nini hazijirekebishi.

Upepo wa Pwani nao una maji. Kompresa ikiubana, unyevu unageuka matone na kutulia chini ya matangi. Kuvuta kamba ya koki ya tangi kila siku ni kazi ya sekunde chache, na kinachotoka kinasema mengi. Maji matupu yanaonyesha kikaushio cha upepo kimechoka. Yakitoka meupe kama maziwa, yamechanganyika na oili, na kompresa inahitaji kuangaliwa kabla uchafu huo haujafika kwenye valvu za trela.

Umeme umeingia katika haya yote kupitia ABS, ile mitambo inayozuia magurudumu yasifunge na kuteleza. Taa yake ya manjano ikiwaka, breki za upepo bado zipo. Kilichopotea ni ulinzi wa kuteleza. Kabla ya kununua kompyuta mpya, kagua waya uliojikunja kati ya kichwa na trela, pini za pulagi yake, na sensa ya gurudumu, ambayo mchezo mdogo wa beringi unatosha kuisukuma nje ya mahali pake.

Trela dogo la kubeba vifaa vya kambi kuingia Tsavo ni hadithi nyingine kabisa, hasa likiwa la aina ya Marekani au Australia yenye breki za umeme mtupu. Ndani ya dramu kuna sumaku. Dereva akikanyaga, umeme wa volti 12 unaiamsha, inang'ang'ania dramu inayozunguka na kuvuta mkono unaotanua lainingi. Na hapa kanuni ya Westinghouse inapinduka: umeme ukikatika, breki hazipo. Ndiyo maana trela la namna hiyo hubeba betri yake ndogo na pini yenye kamba, ili likichomoka kwenye gari lijifunge lenyewe. Betri hiyo ikiwa imekufa, pini ni pambo.

Kulikagua hakuhitaji kufungua gurudumu. Sumaku ya kawaida ya dramu za inchi 10 au 12 ina ukinzani wa takriban omu 3.2, hivyo hunywa karibu ampia 4. Trela la magurudumu mawili likipimwa na kunywa ampia 4 badala ya 7 na ushei, sumaku moja imelala. Likinywa sifuri, waya umekatika au ethi haipo. Ethi ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa sababu wengi huiachia tu tufe la chuma la kukokotea, lenye kutu na grisi, badala ya kuivutia waya wake. Anayefuata ni waya unaopita ndani ya bomba la ekseli. Mitetemo ya barabara za changarawe za mbugani huusugua hadi shaba ikaonekana. Asiye na mita anaweza kuazima dira: iweke karibu na dramu, mtu aamshe breki, na mshale usipocheza, hakuna sumaku.

Kuna mahali pamoja ambapo fundi wa kando ya njia anapaswa kuweka spana chini. Chemba zenye breki ya kuegesha zina springi nzito iliyobanwa ndani. Kuifungua klampu yake bila kuifunga kwanza kwa bolti yake maalumu kumewahi kuua watu. Na bolti hiyo ikishafungwa ili trela lililokwama lisogee, gurudumu hilo halina tena breki ya kuegesha wala ya dharura. Ni ruhusa ya kufika gereji ya karibu, Voi au Mtito Andei, basi. Dereva anayepokea trela la mwenzake na aangalie nyuma ya kila chemba kama bolti imechomoza, kisha akifika Maungu anyooshe kiganja. Huko mbele Mariakani mzani utapima kila ekseli inabeba tani ngapi. Hautapima ni gurudumu lipi limefika baridi.